Lori linapimwa kila mizani, dereva anapimwa wapi?

Ukitoka Dar es Salaam kuelekea Tunduma kwa barabara kuu ya Zambia, safari ya zaidi ya kilomita 900, lori la mizigo halipiti kimya kimya. Vigwaza linapanda mizani, Makambako linapanda, na Mpemba, karibu kabisa na mpaka, linapanda tena. Uzito ukizidi, kuna faini na kuna kushusha mzigo. Na kabla lori halijatoka yadi, fundi ameshaangalia breki, oili, maji ya rejeta na upepo wa matairi. Sevisi inafanywa kwa hesabu ya kilomita na kuandikwa kwenye daftari.

Hebu tujiulize. Huyu aliyeshika usukani, ambaye bila yeye chuma chote hicho ni kopo tu, yeye kapimwa lini? Presha yake ni ngapi? Sukari yake je? Kiuno chake kimeongezeka kiasi gani tangu aanze kazi? Daftari lake liko wapi? Aghalabu halipo. Lori linajulikana uzito wake hadi kilo ya mwisho, ama dereva anajulikana siku anapoanguka.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu. Si daktari na sijawahi kuendesha lori. Lakini darsa ninayosomesha baada ya swala ya Isha inahudhuriwa na madereva na mautingo wengi, kwani msikiti wetu uko jirani na maegesho ya malori. Zamani maswali yao yalikuwa yale tunayoyatarajia: msafiri anapunguzaje swala, anakusanyaje, afunge au ale. Miaka ya karibuni yakaanza kuja maswali ya namna nyingine. Mmoja aliniuliza hivi: "Ustadhi, nimepimwa nikaambiwa nina kisukari. Je, ni dhambi nikimficha tajiri wangu?" Nilipomuuliza kwa nini amfiche, akajibu: "Akijua tu, kesho funguo anapewa mwingine. Na watoto watano wanakula kwenye funguo hizo."

Swali hilo nitalijibu huko mbele, insha'Allah, kwa sababu jibu lake haliwezi kueleweka bila kwanza kujua kazi hii inaufanyia nini mwili wa binadamu. Nimesoma, nimewauliza matabibu, na nimewasikiliza madereva wenyewe. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

Kukaa nako ni kazi inayochosha moyo

Wengi wetu tunadhani anayeumia kazini ni mbeba mizigo, na dereva amestarehe kwa kuwa amekaa. Uchunguzi maarufu uliofanywa Uingereza unaonesha kinyume chake. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jijini London. Katika kila basi palikuwa na watu wawili: dereva aliyekaa siku nzima, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi za basi siku nzima akikata tiketi. Mwajiri mmoja, barabara moja, moshi mmoja. Lakini madereva walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, na makondakta waliougua waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi.

Mwaka 1956 Morris akarudi na jambo jingine la kuvutia. Aliangalia vipimo vya sare za wafanyakazi hao, akakuta viuno vya suruali za madereva ni vikubwa kuliko vya makondakta. Fundi cherehani alikuwa na habari ambayo daktari alikuwa hajaipata! Morris mwenyewe aliifanyia kazi elimu yake kwa kufanya mazoezi maisha yake yote, na alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Umri uko mikononi mwa Allah, lakini sababu tumeamrishwa kuzishika.

Sasa kama hali ni hiyo kwa dereva wa basi la mjini, ambaye jioni anarudi nyumbani kula na kulala kitandani, itakuwaje kwa dereva wa Dar es Salaam hadi Lubumbashi, anayekaa juu ya kiti hicho siku nyingi mfululizo, anayelala humo humo ndani, na anayekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa asijue ataondoka lini?

Kukaa muda mrefu kuna madhara mengine pia. Damu ya miguuni hutegemea misuli ya ndama za miguu iisukume kurudi juu. Mguu usipotembea, damu hutuama na huweza kuganda ndani ya mshipa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa bila kutembea kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara mbili. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kupata joto, usiuchue mafuta ukaendelea na safari. Nenda hospitali, maana bonge hilo likisafiri hadi kwenye mapafu huua.

Tumbo la njiani

Tuje kwenye chakula. Nimewaomba madereva kadhaa wanieleze walichokula katika siku moja ya safari. Majibu yanafanana: asubuhi chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha na chapati mbili au supu, mchana zege, yaani chipsi mayai, na soda baridi, njiani soda nyingine au kinywaji cha kuongeza nguvu, usiku saa nne nyama choma yenye chumvi nyingi na ugali mkubwa, kisha kulala dakika chache baadaye. Mboga za majani hazimo. Tunda halimo. Maji ni kidogo.

Tufanye hesabu ndogo. Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, yaani vijiko 12 hivi, na ikiwa chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa hiyo soda mbili peke yake zimeshavuka mpaka, bado hatujagusa chai. Chumvi nayo ishauriwayo ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Nyama choma, chipsi na kachumbari ya kunyunyiziwa zinaimaliza katika mlo mmoja.

Watu husema barabarani hakuna chakula cha maana. Si kweli, na madereva wanalijua hilo kuliko mimi. Barabara hii hii inapita Ilula penye nyanya na vitunguu, inapita Makambako panapoletwa viazi na parachichi za Njombe, inafika Mbeya penye ndizi na maharage. Dereva husimama akanunua tenga la nyanya na mkungu wa ndizi apeleke nyumbani kwa watoto, kisha yeye mwenyewe akaingia kibandani kula chipsi! Chakula bora anakibeba nyuma, kibaya anakibeba tumboni.

La kufanya ni jepesi. Kwanza, kwa mama lishe agiza tofauti: ugali nusu, maharage au samaki, na mboga za majani mara mbili. Sahani igawike hivi: nusu yake mboga na matunda, robo ugali au wali, robo maharage, samaki, kuku au nyama isiyo na mafuta. Hakuna mama lishe atakayekukatalia, tena mchicha ni rahisi kuliko nyama.

Pili, usitoke nyumbani mikono mitupu. Mayai ya kuchemsha ya kula siku hiyo hiyo, viazi vitamu vya kuchemsha, karanga zisizo na chumvi, machungwa, ndizi na matango vinakaa vizuri ndani ya kapu. Mwenye njaa na kapu hali chipsi. Mwenye njaa bila kapu anakula chochote kilicho mbele yake.

Tatu, wengi tayari mna jiko dogo la gesi na masufuria kwenye sanduku la tela, na utingo anajua kupika. Pikeni kama mnavyopika mkiwa kwenye foleni za mpaka, lakini punguzeni mafuta na chumvi, muongeze mboga. Tahadhari: jiko lisiwashwe ndani ya kabini, na anayebeba mafuta ya petroli asiwashe moto wowote karibu na gari lake.

Nne, mlo mzito usiuweke mchana wala usiku wa manane. Mwili kwa maumbile yake husinzia kati ya saa 8 na saa 10 mchana, na zaidi kati ya saa 8 usiku na alfajiri. Ukiongezea sahani kubwa ya wali saa 7 mchana, umejiita usingizi mwenyewe ukiwa na tani 30 mgongoni. Kila aliyekaa darsani anayajua mafundisho ya Mtume (s.a.w) ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la maji na la pumzi. Dereva ana sababu ya ziada ya kuyafuata.

Maji, kafeini na mirungi

Madereva wengi hawanywi maji ili wasisimame kujisaidia. Ndani ya kabini yenye joto, mwili uliokauka hupata kichwa kuuma, uchovu, choo kigumu na baada ya muda mawe kwenye figo. Kipimo ni rahisi: mkojo ukiwa wa manjano iliyoiva, hujanywa maji ya kutosha. Kunywa kidogo kidogo safari nzima, na kule kusimama kujisaidia ndiko kutakakokuinua kitini. Umepata faida mbili kwa chupa moja.

Ama vinywaji vya kuongeza nguvu, jina lake limezidi ukweli wake. Kopo la mililita 250 huwa na kafeini ya miligramu 80 hivi, karibu sawa na kikombe cha kahawa, na mara nyingi sukari nyingi juu yake. Kafeini haitoi nguvu. Inaziba tu kengele ya uchovu. Saa 5 baadaye nusu yake bado imo mwilini, hivyo unapopata nafasi ya kulala usingizi unakuwa mwepesi, na kesho unaamka ukihitaji makopo mawili. Mirungi nayo, mbali ya kuwa ni haramu kisheria hapa Tanzania, inapandisha presha na mapigo ya moyo na kuua hamu ya kula. Anayeitafuna usiku kucha haendeshi kwa nguvu zake. Anaendesha kwa mkopo, na mkopo huo unadaiwa katikati ya mteremko wa Kitonga.

Saa za swala ni ratiba ya kusimama

Kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kwa wiki. Dakika 150 ni sawa na dakika 30 kwa siku 5, na si lazima zifanywe kwa mkupuo. Dakika 10 mara tatu zinahesabiwa.

Dereva atasema: nitazipata wapi? Hapa nazungumza kama mwalimu wa dini. Sisemi kwamba swala ni mazoezi ya viungo. La hasha! Swala ni ibada, na anayeswali kwa ajili ya misuli amekosea nia. Ninachosema ni kwamba saa za swala zimeshatupa vituo. Huko Ulaya sheria ya mwaka 2006 inamlazimisha dereva wa lori apumzike dakika 45 kila baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na kwa siku asiendeshe zaidi ya saa 9, isipokuwa mara mbili kwa wiki anapoweza kufika 10. Dereva Muislamu anayeswali kwa wakati ana ratiba inayokaribiana na hiyo bila kuhitaji askari.

Tazama mpangilio. Baada ya swala ya Alfajiri, kabla ya kuwasha gari, dakika 10 za kutembea kwa haraka kulizunguka lori huku ukikagua matairi, kamba na turubai. Kati ya Alfajiri na Adhuhuri kuna saa 7 hivi, ni nyingi mno, basi weka kituo cha Dhuha katikati. Adhuhuri na Alasiri msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza rakaa nne kuwa mbili, na ya kukusanya. Dakika ulizorejeshewa usizirudishe zote kwenye usukani. Upe mwili sehemu yake, na hata ukikusanya, usiache kusimama tena alasiri. Na baada ya kula jioni, tembea dakika 10 kabla ya kulala. Kutembea baada ya mlo kunasaidia kushusha sukari ya damu, hata kwa asiye na kisukari. Na utingo au dereva mwenzako asiye Muislamu akisimama pamoja nawe, naye atafaidika.

Katika kila kituo fanya haya kwa dakika chache: Simama ukiwa umeshika mlango wa gari, chuchumaa nusu na kuinuka mara 10 hadi 15. Nyanyuka kwa vidole vya miguu na kushuka mara 20, hii ni dawa ya ile damu inayotuama. Weka mikono kwenye ubavu wa tela, rudisha miguu nyuma, jisukume mara 10. Kisha weka mikono kiunoni na jinyooshe nyuma taratibu, maana mgongo umekuwa umepinda mbele kwa saa nyingi. Havihitaji gharama wala nguo za michezo. Ukisikia maumivu ya kifua au pumzi kukata, acha mara moja na utafute tabibu.

Mambo mawili madogo yasisahauliwe. Usiruke kutoka kabini; shuka ukiwa umeelekea gari, miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja, vikiwa vimeshika muda wote. Na pochi nene itoe mfuko wa nyuma kabla ya kukaa, kwani kuikalia saa 8 kila siku kunapindisha nyonga na kuuma hadi mguuni.

Usingizi si uvivu

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha matokeo yanayotisha. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake unakuwa kama wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10. Muislamu ambaye hajawahi kuonja pombe maisha yake yote anaweza kuwa anaendesha kama mlevi, na hajui.

Na kukosa usingizi kunaingia hadi tumboni. Asiyelala vya kutosha huongezeka njaa na kutamani sukari na mafuta, uzito unapanda, na uzito ukipanda shingo hunenepa na koo hubanwa usiku. Ukiambiwa na utingo kwamba unakoroma kwa nguvu kisha unanyamaza kama umekata pumzi, na ukaamka umechoka na kichwa kinauma, huo si mkoromo wa kawaida. Ni maradhi yanayotibika, na ni miongoni mwa sababu kubwa za madereva kusinzia mchana. Mweleze daktari.

Kisa cha Salman al-Farisi na Abu Dardai (r.a) kinajulikana. Abu Dardai alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku mpaka akausahau mwili na ahli yake, Salman akamzuia na kumkumbusha kwamba kila mwenye haki apewe haki yake, na Mtume (s.a.w) akamuunga mkono Salman. Ikiwa mtu anazuiwa kuudhulumu mwili kwa ajili ya ibada, je, ataruhusiwa kuudhulumu kwa ajili ya shaba ya Kolwezi?

Mwezi wa Ramadhani

Aya za 184 na 185 za Suratul Baqara zimempa ruhusa mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine. Dereva wa masafa huenda akawa na sifa zote mbili. Baadhi yao huona haya kula Ramadhani, kana kwamba ruhusa ya Mola wao ni ya watu dhaifu wa imani. Kuchukua ruhusa si udhaifu.

Kwa mwenye kisukari jambo hili ni zito zaidi. Dawa za sindano za insulini, na baadhi ya vidonge kama glibenklamidi, vinaweza kuishusha sukari ghafla wakati tumbo liko tupu. Ikishuka, mtu hutetemeka, hutoka jasho, huona giza na huchanganyikiwa. Hebu fikiria hali hiyo saa 10 alasiri katika mbuga ya Mikumi. Amuone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6, swaumu ivunjwe papo hapo, na kupima kwa kutoboa kidole hakuvunji swaumu. Na kwa madereva wanaotumia insulini, siku yoyote ya mwaka, Uingereza inawataka wapime kabla ya kuanza safari na kila baada ya saa 2 barabarani. Ikiwa chini ya 5 wale kitu kwanza, ikiwa chini ya 4 wasiendeshe kabisa.

Jibu la yule dereva

Turudi kwenye swali la kumficha tajiri. Nilimjibu hivi. Maradhi yako ni siri yako, na hulazimiki kuyatangaza yadini. Lakini barabara ina wenyewe: wapo watoto wa shule, wapo abiria wa basi linalokuja mbele, yupo utingo aliyelala pembeni yako. Daktari akikwambia usiendeshe mpaka sukari itulie, hapo si siri yako tena, ni haki yao. Ukiendesha ukijua hivyo, umeingiza roho za watu katika hatari.

Ila nikamwambia pia asikimbilie kukata tamaa. Mwenye kisukari anayejitibu kwa chakula, mazoezi na vidonge kama metformini, ambavyo peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, kwa kawaida anaendelea na kazi yake. Marekani tangu Novemba 2018 hata dereva wa lori anayetumia insulini anaweza kuthibitishwa kuendesha, mradi maradhi yake yamedhibitiwa na daktari wake anathibitisha. Kinachomtoa dereva barabarani mapema ni maradhi yasiyopimwa: presha inayolipuka kuwa kiharusi, sukari inayoharibu macho na kukata mguu. Huyo hapotezi funguo tu. Anapoteza mkono wa kuzishika.

Kwa hiyo kapimwe. Presha ikisomeka 140 juu au 90 chini mara kwa mara, ni presha, hata kama husikii chochote. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7 au zaidi, ni dalili ya kisukari na irudiwe kuthibitishwa. Kiuno chukua futi ya fundi cherehani, pitisha usawa wa juu ya kitovu. Kwa mwanamume kikizidi sentimita 94 hatari imeanza, kikizidi 102 imekuwa kubwa. Vyote hivyo viandike kwenye daftari, kama la sevisi.

Neno la mwisho ni kwa matajiri wenye malori, na wengi wao ni ndugu zetu Waislamu tunaoswali nao safu moja. Dereva analipwa kwa safari, hivyo kila saa ya kulala anaihesabu kuwa hasara. Anapewa posho kwa mkupuo, hivyo anabana chakula ili abakishe ya nyumbani. Kumwambia mtu huyo ale vizuri na apumzike, huku ukimpigia simu kila saa kumuuliza amefika wapi, ni mzaha. Mashine ya kupimia presha haifiki bei ya tairi moja jipya la lori. Nunueni moja iwekwe yadini, kila dereva apimwe kabla ya safari. Mwenye tatizo apelekwe hospitali na akirudi akute kazi yake ipo. Mkifanya hivyo hakuna atakayeficha, na mzigo wenu utafika. Mkiendelea kumtupa kila anayeugua, mtaendeshewa malori na watu wagonjwa msiowajua ugonjwa wao.

Nasi wa misikiti iliyo karibu na maegesho, kuanzia Vingunguti hadi Tunduma, tusingoje serikali. Tunao vijana wetu manesi na matabibu. Ijumaa moja kila mwezi, baada ya swala, meza moja na mashine mbili zinatosha kuwapima madereva wanaopita, Waislamu na wasio Waislamu. Mwenye uwezo wa kuanza na aanze Ijumaa hii.

Wabillahi tawfiq.